Nyumba ya Kiponda: shajara ya ukarabati, kutoka kaskazi hadi vuli

Januari

Tumekabidhiwa funguo na warithi. Nyumba iko Kiponda, ndani kabisa ya Mji Mkongwe wa Unguja, pale ambapo gari haliingii na mwenye mkokoteni hupiga kelele "pisha, pisha" kila kona. Ina chini na ghorofa mbili, uwanja wa ndani katikati, na mlango wa nakshi ambao wageni hawaupiti bila kuupiga picha. Hawajui kwamba ukuta wa nyuma una ufa unaoingia kiganja.

Chini pana duka la vitambaa na stoo mbili. Ghorofa ya kwanza anakaa Bibi, na nitamwita hivyo tu, aliyeingia humu akiwa bi harusi na sasa analea wajukuu. Ya juu imepangishwa kwa familia mbili zinazotumia ngazi moja na zenye ugomvi wa miaka kuhusu bomba. Wenye nyumba ni warithi wa ukoo mmoja waliotawanyika: Muscat, Dubai, Dar es Salaam, na mmoja Uingereza. Nyumba nyingi za mawe zilibadili mikono baada ya Mapinduzi ya 1964. Nyingine zikawa za Serikali, nyingine ni za wakfu, na watu kutoka mashamba wakapewa vyumba. Hii ilibaki kwa ukoo. Lakini kubaki kwa ukoo si kutunzwa. Kwa muda mrefu kila mrithi alidhani mwenzake ndiye anayelipia bati.

Kikao cha kwanza tulikifanya barazani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe ili walio nje wasikie. Shangazi wa Muscat alitaka tuanze na mlango, kwa kuwa mlango ndio jina la nyumba na tayari alikuwa ameahidi kuwaonyesha watu picha. Fundi mkuu wetu alijifunza chokaa ujanani, kwa waashi waliofanya kazi kwenye ukarabati wa Zahanati ya Zamani pale Mizingani miaka ya 1990. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu: "Bi mkubwa, mlango tuuache kwanza. Mlango hauvuji."

Basi utaratibu ukawa huo. Maji kwanza. Paa, mifereji na milizamu, yaani mikono inayotema maji ya paa nje ya ukuta, halafu boriti na dari, halafu kuta, na mlango mwisho kabisa.

Januari, mwishoni: kupima

Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, upana wake mita tatu kasoro kidogo. Vijana wawili wa chuo wanaotusaidia kuchora ramani walishangaa kwa nini mtu mwenye pesa za kujenga ghorofa mbili ajibane hivyo. Aliyembana ni mti. Boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo bila kupinda, kwa hiyo chumba cha nyumba ya mawe, uwe Lamu, Mombasa au hapa, hukatwa kwa kipimo cha boriti. Ukitaka ukumbi mkubwa unaongeza urefu, huongezi upana.

Kuta zina unene wa nusu mita na zaidi: mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Hamna chuma ndani wala nguzo. Ukuta unasimama kwa uzito wake mwenyewe, na unashikana na mwenzake wa upande wa pili kupitia boriti. Ncha ya boriti ikioza ndani ya ukuta, dari linaanza kulegea, na pia ukuta unakosa wa kumshika. Unaanza kutoka nje kidogo kidogo, na kwa mtu anayepita njiani hauonyeshi dalili yoyote mpaka siku unapokuja chini.

Kwenye kila ufa mkubwa tumebandika kipande chembamba cha kioo kwa jasi, na pembeni tumeandika tarehe kwa penseli. Kioo kikikatika, ukuta bado unatembea. Kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na umeshatulia. Wajukuu wa Bibi wamejipa kazi ya ukaguzi. Kila wakitoka madrasa wanapita kimoja kimoja na kuripoti. Kile cha ukuta wa nyuma, chini ya dirisha la choo cha juu, kimekatika katika wiki ya kwanza.

Lipu ya nje ni hadithi nyingine. Upande wa njiani na ukuta mzima wa nyuma umepigwa saruji, zamani kidogo, kabla ya wapangaji wa sasa. Fundi aligonga kwa mpini wa nyundo kutoka pembe hadi pembe na kuweka alama ya chaki kila paliposikika utupu. Alipomaliza, karibu ukuta wote ulikuwa mweupe kwa chaki.

Hili nalieleza kirefu kidogo kwa sababu ndilo linaloua nyumba nyingi hapa mjini na linafanywa kwa nia njema. Ukuta wa matumbawe unanyonya maji ya ardhini na ya mvua, na una chumvi ndani yake. Chokaa inapitisha unyevu, kwa hiyo ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka. Saruji haipitishi. Maji yaliyonaswa yanatafuta pa kutokea, yanapanda, na chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuyala mawe. Mwenye nyumba anaona doa la unyevu futi mbili kutoka chini, anapiga saruji mpaka kifuani, na mwaka unaofuata doa linatokea juu ya saruji. Anaongeza. Hivyo hivyo mpaka unyevu unafika kwenye ncha za boriti za ghorofa ya kwanza, ambako kabla ya hapo usingefika kamwe. Halafu mtu anasema nyumba imezeeka.

Februari

Mwezi wa karatasi. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na mpango wake wa hifadhi tangu 1994, na mwaka 2000 uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Maana yake kwa mtu mwenye karai na mwiko ni kwamba hubandui lipu, hubadilishi dirisha wala hupandishi bati bila kibali, na nyumba za daraja la juu zina masharti zaidi. Wapo wanaolalamika. Mimi nilipoona nyumba jirani ilivyofunguliwa dirisha la alumini, tena la vioo vya kujionea, naona masharti hayajawa makali vya kutosha.

Kibali hakikuwa kigumu kama saini. Warithi wote walitakiwa waridhie kwa maandishi. Mmoja alikuwa amefariki na fungu lake limeingia kwa watoto ambao hawajawahi kukanyaga Unguja. Mirathi ikifika kizazi cha tatu, nyumba inakuwa na wenyewe wengi na mwenyewe hakuna. Mwenye thumni ya sehemu ya nane hana sababu ya kutuma pesa za bati, na mwenye fungu kubwa anaogopa kutengeneza kisha wenzake waje kudai kodi. Shangazi wa Muscat, yule wa mlango, ndiye aliyewapigia simu mmoja mmoja hadi wakasaini. Nimemsamehe mlango wake.

Machi, Ramadhani

Kazi inaanza alfajiri baada ya sala na kusimama kabla ya adhuhuri. Mafundi wamefunga, jua kali, na bati la Machi huwezi kuliwekea mkono.

Asili ya paa hili lilikuwa sakafu bapa ya chokaa. Bati la mgongo liliwekwa juu yake baadaye, kama ilivyofanyika mji mzima. Sakafu ya zamani bado iko chini ya bati, na ndiyo ilikuwa ikinywa maji yote ya matundu kwa siri, bila kudondoka chumbani, ikipeleka polepole kwenye kuta. Wapangaji wa juu waliapa kwamba paa halivuji. Hawakudanganya; kwao halikuvuja.

Tumeezua upande wa nyuma wote. Mbao za mapaa nyingi ni nzima, isipokuwa zile zilizo juu ya mfereji wa kati, ule unaokaa baina ya migongo miwili ya paa. Huo mfereji ulikuwa umejaa: majani, manyoya ya njiwa, mpira wa mtoto, soli ya kiatu, na mtini mwitu mchanga uliokwisha kupenyeza mizizi ukutani urefu wa mkono. Mti ule hauvutwi. Ukiuvuta unatoka na mawe. Umekatwa kwenye shina, ukapakwa dawa, na mizizi itaachwa ife humo humo kabla ya kufukuliwa.

Kisha tangi. Bibi ana tangi la lita 1,000 juu ya sakafu, katikati ya chumba, mahali hasa ambapo boriti ni dhaifu kuliko kote. Likijaa ni tani moja ya maji, juu ya miti iliyowekwa kubeba watu, mikeka na sanduku. Nilikwenda kumweleza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunitoa tangi langu."

Alikuwa ameshasikia. Akanikumbusha kwamba maji ya bomba huja usiku, kidogo, na kuna siku hayaji, na kwamba yeye ndiye anayepanda ngazi, si mimi. Ana haki. Hatuwezi kumwambia mtu anayeishi ndani ya urithi wa dunia achote maji kwa ndoo ili sisi tufurahie boriti. Tulichokubaliana ni tangi kushuka chini uwanjani, pampu ndogo, na pipa dogo juu, si katikati ya chumba bali penye makutano ya kuta mbili. Pampu haikuwemo kwenye bajeti. Sasa imo.

Bati jipya limefungwa kabla ya Idi, mfereji wa kati umetengenezwa upya kwa bati nene na mwinamo unaoonekana kwa macho, na milizamu imerefushwa ili maji yaanguke mbali na ukuta. Zamani mlizamu ulitoka nje hatua nzima. Kuna aliyeikata, labda ilimgonga kichwa.

Aprili

Masika. Kazi ya nje imesimama na hiyo ni heri, kwa sababu mvua inafanya ukaguzi ambao hatungeweza kuulipia. Tunakwenda wakati inanyesha, si ikishakatika. Paa halijapitisha. Maji ya uwanja wa ndani, hata hivyo, hayaondoki: shimo la zamani la kutolea maji limezibwa na sakafu ya saruji iliyomwagwa juu yake, kwa hiyo uwanja unageuka dimbwi na maji yanakaa miguuni mwa kuta nne kwa siku nzima. Tumeandika kwenye orodha kuwa la kwanza baada ya mvua.

Fundi ana tabia ya kutaja Beit-al-Ajaib kila mvua ikizidi. Jumba lile la Sultani Barghash, lililojengwa 1883, lilivumilia mizinga ya Waingereza ya 1896 iliyobomoa majengo jirani yake. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya uso wake ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, kazi za ukarabati zikiwa zinaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Hapa mjini kila mtu ana maelezo yake ya kilichotokea. Mimi nachukua moja tu la kutumia: jengo la mawe likishaanza kusogea, watu wanaofanya kazi ndani wako hatarini zaidi ya wanaopita nje. Kwa hiyo upande mzima wa nyuma tumeuegemeza kwa mbao kutoka ndani na nje kabla hajaingia mtu na sululu, na watoto wa juu wamehamishiwa chumba cha mbele. Baba yao aliona tunazidisha. Tulimwonyesha kile kioo. Kilichokatika Januari tulikibadilisha, na cha pili nacho kimekatika.

Mei

Chokaa. Imekuja kutoka shamba, ya kuchomwa kwa tanuu la kienyeji: vigogo vya minazi vinapangwa duara, mawe ya matumbawe yaliyovunjwa yanarundikwa juu, moto unatiwa katikati na kuachwa ufanye kazi yake. Mabonge yanayotoka ni mepesi, meupe, na hatari. Usiyashike na mkono wa jasho.

Shimo la kuzimia tumelichimba kwenye kiwanja kilichobaki wazi baada ya nyumba ya jirani kuanguka. Fundi alitia maji kwanza, kisha bonge moja moja kwa koleo refu, amejifunga kanga ya mkewe usoni. Kwa muda kidogo hapakuwa na kitu. Halafu bonge likapasuka, likatoa mlio, na shimo zima likaanza kutokota bila moto wowote, mvuke ukipanda hadi madirisha ya ghorofa ya kwanza. Vijana walirudi nyuma. Yeye alikoroga kwa mti mrefu, akaongeza maji, akakoroga, mpaka mlio ulipokwisha. Akaichuja kwa wavu, akaiacha chini ya maji kidogo na kuifunika kwa magunia. Itakaa hivyo mpaka Julai. Jana alifunua kuonyesha: imeganda mfano wa mtindi mzito, na ukichota kwa mwiko na kuupindua haidondoki.

Wenye haraka hutumia siku hiyo hiyo. Chembe ambazo hazijazimika zinaendelea kuzimika ukutani, na lipu inatoka vipele mwezi baada ya mwezi.

Juni

Mvua zimeisha, kusi limeingia, boriti zimeanza.

Kutoka chini dari la ghorofa ya kwanza lilionekana zima: miti myeusi iliyopangwa sawasawa, chokaa nyeupe kati yake, hata rangi nyekundu ya zamani bado ipo. Fundi alipanda jukwaa, akachukua bisibisi, akachoma mti mmoja mahali unapoingia ukutani. Bisibisi ikazama hadi mpinini. Akasogea unaofuata. Upande wa nyuma, chini ya vyoo, karibu zote ziko hivyo. Kiganja kimoja kutoka ukutani mti ni mgumu kiasi cha kurudisha ncha ya chuma. Maji na mchwa vilikula sehemu ile tu isiyoonekana.

Boriti za kubadilisha zinapatikanaje ni suala la peke yake. Zamani zilikuja kwa majahazi, nyingi kutoka delta ya Rufiji na Lamu, na nyingine zilipita moja kwa moja hadi Ghuba, ambako vyumba vyembamba vya namna hii vipo pia. Leo mikoko inalindwa, na kuikata bila kibali ni kosa. Ni sawa, kwa sababu mikoko ndiyo inayoshika pwani na kulea samaki. Hatutaki kuhifadhi Kiponda kwa kuikausha Chwaka, ghuba yetu ya mikoko. Kwa hiyo tumepita kwenye nyumba zilizoanguka, tukanunua boriti za zamani, tukazikata ncha mbovu. Kwa kuwa zimefupika, zimeingia kwenye vyumba vyembamba zaidi vya upande wa ngazi. Kwa vyumba vya nyuma tumetumia mbao ngumu zilizochongwa kwa unene wa boriti, na hatukuzipaka rangi ya kuzifanya zionekane za kale. Atakayekuja kutengeneza baada yetu aone wapi tuliingia mkono.

Ncha zote zimepakwa dawa ya mchwa na tundu la ukutani limeachiwa nafasi ya hewa pembeni. Tulifanya boriti moja moja, kamwe si mbili zinazopakana, na mbao za kuegemeza hazikutolewa hadi chokaa iliposhika.

Juu ya boriti zinalazwa vibamba vya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, kisha kusindilia. Kusindilia huko zamani kulikuwa kazi ya akina mama, wamekaa mstari na vigongo vidogo, wakipiga kwa nyimbo siku hadi siku mpaka sakafu inakuwa ngumu na kung'aa. Bibi aliiona akiwa mtoto. Alishuka kututazama tukisindilia, akasema mdundo wetu hauna mwendo, akachukua kigongo, akapiga kidogo. Ilikuwa kweli, hauna mwendo.

Kwenye ghorofa ya juu tumeondoa tabaka moja baada ya jingine: marumaru za juzi, saruji chini yake, sakafu nyekundu ya kuchora chini ya saruji, ndipo ikaja chokaa ya asili. Kila mpangaji alifunika ya mwenzake na hakuna aliyetoa. Mzigo uliotoka ulijaza mikokoteni isiyokwisha, na wenye mikokoteni wametulaani sana kwenye kona ya msikiti.

Julai na Agosti

Kuta. Wakati mzuri wa chokaa ni huu, jua halijawa kali na upepo upo. Chokaa haikauki kama saruji. Inashika kwa kunywa hewa, na ikikauka haraka inapasuka. Kwa hiyo lipu inapigwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Mtoto wa familia ya juu amepewa kazi ya kunyunyiza maji asubuhi na jioni, kwa malipo. Ni fundi mzuri kuliko baadhi ya mafundi.

Kubandua saruji ndiko kulikochosha. Mahali ilipokuwa tupu ilianguka vipande vizima, na nyuma yake chumvi ilikuwa imeota unga mweupe. Mahali iliposhika, ilitoka na uso wa jiwe. Pale tumejaza vipande vya matumbawe na chokaa, tukatomea vizuri, tukauacha ukuta wazi kwa wiki kadhaa upumue kabla ya lipu. Jirani mmoja aliuliza kama pesa zimetuishia.

Mchanganyiko wetu ni sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga ni wa shamba. Mchanga wa pwani ni rahisi, upo karibu, na umejaa chumvi. Kuna kontrakta, simtaji, aliyetuuzia mzigo kama wa shamba; fundi aliuonja kwa ulimi mbele ya dereva na kuurudisha.

Waashi vijana waliuliza swali la maana: kwa nini tusitie saruji kidogo tu, ili kuharakisha? Kwa nyumba ya matofali, tia. Kwa hii, ile kidogo inafanya lipu iwe ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake, na nyumba hizi husogea kidogo kila msimu. Chokaa inasogea nayo, na nyufa ndogo hujiziba zenyewe mvua ikiilowesha. Saruji inakatika, na maji yanaingia penye mkatiko. Mmoja wao hakuridhika. Amepewa futi chache za ukuta wa stoo afanye apendavyo, tutatazama mwakani.

Shimo la uwanja limefunguliwa. Chini ya saruji lilikuwepo lote, na mfereji wake wa mawe unaoelekea njiani, mzima kabisa. Mabomba ya vyoo tumeyatoa ndani ya ukuta, yakapita nje yake kwenye kona ya uwanja, mahali ambapo yakivuja yataonekana. Si mazuri. Mtaalamu mmoja aliyetutembelea aliyakunjia uso. Lakini bomba lililofichwa ndani ya matumbawe ndilo lililoozesha boriti za nyuma, na ule ugomvi wa familia mbili wa miaka yote ulikuwa kuhusu hilo hilo.

Septemba

Shangazi amekuja mwenyewe kutoka Muscat, na mlango umefikiwa.

Ni mlango wa mtindo wa Kiarabu, kizingiti cha juu kimenyooka, kina aya ya Kurani na mwaka wa Hijra 1295, ambao ni 1878 kwa Miladia, zama za Barghash. Miimo ina mnyororo kuzunguka, samaki chini, na majani yanayopanda. Mfaa, ule mti wa wima katikati ya mbao mbili za mlango, ndio ulioumia zaidi, kwa kuwa kila mkokoteni wa duka umeugonga. Ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, na juu ya rangi vanishi, na juu ya vanishi tena vanishi. Mchongaji amezitoa kwa kisu cha mti na maji moto, bila msasa, kwa sababu msasa unakula makali ya nakshi. Samaki walikuwa na magamba. Hakuna aliyejua.

Kizingiti cha chini kilichooza kimeungwa kipande kipya, hakikutolewa chote. Njumu mbili za shaba, misumari ya pambo, hazipo na tumeacha nafasi zake wazi.

Mwezi huo huo alikuja dalali na mtu aliyevaa vizuri. Walitaka kuinunua yote iwe hoteli, pesa taslimu. Sina ugomvi na hoteli. Zipo nyumba hapa mjini zilizokuwa zinaanguka na hoteli ikaziokoa. Lakini nimetembea njia nzima za Shangani usiku wa msimu wa masika, wageni hawapo, na hakuna dirisha lenye taa. Mtaa wa namna hiyo hauna mtu wa kugonga mlango na kusema, jamani, mlizamu wenu umeziba. Warithi wamegawanyika. Shangazi amesema hapana, mpwa wa Dubai amesema tusikilize bei. Bibi alikaribisha wageni kahawa na hakusema neno.

Kilichokubaliwa mpaka sasa ni mfuko wa nyumba: kila mrithi na kila mpangaji anatia chake, mpangaji kidogo, mrithi zaidi, na fedha haziguswi isipokuwa kwa kusafisha mifereji kabla ya masika na kabla ya vuli, kubadilisha misumari ya bati, na kupaka chokaa. Kodi ya nyumba hizi haijawahi kutosha kulipia bati. Mwenye duka ametoa mchango wa kwanza, kisha akaomba ruhusa ya kutundika kiyoyozi juu ya mlango. Amekataliwa kwa heshima.

Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha usiku, ya upepo, ikipiga ukuta wa nyuma. Asubuhi vioo vyote vilikuwa vizima, uwanja umekauka kabla ya saa nne, na lipu mpya imelowa na kubadilika rangi mpaka usawa wa dirisha la chini, jambo ambalo lilimtisha kila mtu isipokuwa fundi. Alasiri ilikuwa imerudi nyeupe.

Yaliyobaki: madirisha mawili ya juu hayafungi, ngazi ya pili inahitaji mbao nne, chumba cha mbele cha familia ya juu kina harufu ya unyevu ambayo hatujapata chanzo chake, nashuku ukuta wa pamoja na jirani. Jirani amekuja mwenyewe, akiwa na mkoba wa karatasi za mirathi. Nyumba yake imepigwa saruji mpaka ghorofa ya pili. Tumekwenda kuipima, chaki zimeisha. Maombi ya kibali yanapelekwa Jumatatu, na shimo la chokaa tumelijaza upya kwa ajili ya kazi ya mwakani.